Kuku Anapovua Manyoya

Wako wafugaji wengi, katika nyanda za Trans Nzoia na hata kule Bungoma, ambao wakimwona koo wao bora, aliyewatagia tangu mavuno yaliyopita bila ya ajizi, ameanza kupukutisha manyoya ya kichwa na shingo, kisha ya kifua na mgongo, hata akabaki na umbo la kuchekwa na majogoo, humhukumu papo hapo kuwa ama ni mgonjwa au amezeeka, wakamfunga miguu na kumpeleka sokoni, ambako mchuuzi, ajuaye barabara anachokiona, humnunua kwa bei ya kutupa. Mimi nadai kwamba ufundi wa kufuga kuku hudhihirika hasa katika miezi miwili au mitatu ya kuvua manyoya, anapoacha kutaga, kwani kumtunza kuku anayetaga ni kazi nyepesi, yai lenyewe likiwa ni ujira wa kila siku, bali kumtunza asiyetoa kitu kunataka subira na maarifa.

Maandiko mengi ya ufugaji yametoka nchi za baridi, na yeye ayafuataye neno kwa neno hupotea njia. London, mchana wa Desemba hukaribia saa 8 na wa Juni hupita saa 16, na kule kufupika kwa nuru ndiko kumwambiako kuku wa huko kwamba wakati wa kuvua umewadia. Kitale iko digrii moja tu kaskazini ya Ikweta. Mchana wake mrefu na mfupi hupitana kwa dakika chache, wala sijamwona kuku awezaye kuzihesabu. Aghalabu kuku wa kwetu huvua akisha kuchoka, baada ya kutaga na kuatamia na kulea, au baada ya kufikwa na taabu, mathalan kushinda bila maji, ama kubebwa kichwa chini miguu juu kutoka soko la Chwele hadi mji wa ugenini. Kwa sababu hiyo hawavui wote pamoja, na mfugaji hana budi kumtazama kila mmoja peke yake.

Ikisadifu kuvua huko kuangukia Juni au Julai, hapo ndipo mtihani ulipo. Kitale imekaa kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto lake hushuka hadi karibu nyuzi 11, ilhali Bungoma, iliyo chini zaidi kwa mita zipatazo 500, hupata usiku wa upole kidogo. Lakini baridi peke yake si adui mkubwa wa kuku, ambaye mwili wake hukaa katika nyuzi zipatazo 41 na huweza kujitunza maadamu ni mkavu. Adui ni unyevu, yaani mvua ya alasiri ishukayo kutoka mlima Elgon ikamkuta mgongo wazi, na kinyesi kibichi sakafuni kitoacho ule mvuke mkali unaochoma macho na mapafu. Basi azibaye kila tundu la banda kwa magunia, akaingiza na jiko la makaa, humfungia kuku pamoja na sumu. Wazee wetu waliowalaza kuku jikoni, karibu na mafiga, walikuwa na hekima ambayo wengi wetu tumeidharau: majivu yalikuwa makavu, moshi ulifukuza utitiri, na paa la nyasi lilipitisha hewa. Mwenye banda la mabati na aige hayo kwa njia yake: aache upenyo chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku, atandaze maranda makavu na kuyageuza, aweke kitulio kipana, ili kuku akilala miguu yake ifunikwe na kifua, na pembeni, mahali pasipofika mvua, pawe na majivu na udongo mkavu wa kuogea.

Tena kuna chakula, na hapa mahindi hutuponza. Kitale ndiko kulikotoka mbegu chotara ya H611 mwaka 1964, na tangu hapo imejengeka kwetu itikadi kwamba kiumbe aliyeshiba mahindi amepata kila kitu. Manyoya karibu yote ni protini, nayo mahindi yana uchache wa protini hiyo. Fauka ya hayo, Julai ghala hukaribia kuwa tupu, mavuno yakingojewa hadi Oktoba. Kuku anayevua apewe dagaa, ambao kwetu huitwa omena, waliotwangwa na kuchujwa mchanga. Apewe mbegu za alizeti. Na kama mtu hana senti, achukue chungu, akijaze mabua na samadi mbichi, akipindue juu ya tundu la mchwa jioni, na asubuhi atakuta karamu. Nimeona vifaranga na koo wao wakikimbilia chungu hicho kwa kasi ambayo hakuna chakula cha dukani kilichowahi kuwatia.

Juu ya dawa nitasema machache. Mshubiri katika maji ya kunywa sina ugomvi nao, lakini anayeutegemea kuzuia kideri ataamka asubuhi moja na banda tupu. Kideri huzuiwa kwa chanjo, tena chanjo inayorudiwa.

Kuku mwenyewe asishikwe ovyo. Manyoya machanga, yakiwa bado ndani ya ala zake, yana damu, na kuyaminya ni kumtesa. Hata jogoo mkali na atengwe naye kwa muda. Kazi iliyobaki ni kutazama na kukumbuka. Yule aliyetaga muda mrefu kabla ya kuvua, kisha akayaangusha manyoya kwa mkupuo na kuyavaa upesi, huyo ndiye wa kuachiwa mayai aatamie. Yule avuaye mapema, unyoya mmoja leo na mwingine wiki ijayo, mwache kwanza anenepe, kisha apikiwe ugali; na firigisi, kwa dasturi ya Waluhya, imfikie mwenye mji kabla watoto hawajaanza kuulizana iko wapi.