Kitenzambali cha Vyombo Vyote: Uhakiki wa Istilahi

Kitenzambali ni istilahi tunayoikubali: imeundwa kwa tenza na mbali, nayo yaeleweka. Taabu huanza pale kifaa kimoja kinapoamrisha televisheni, king'amuzi, redio na kiyoyozi, iwe nyumbani au katika gari-nyumba la wasafiri. Tukiite nini?

Kukiita "cha jumla" ni kumpeleka mnunuzi wa sokoni Mtwara kwenye bei ya jumla. "Cha vyombo vyote" hakufai zaidi: kwa baharia wa Msimbati au Msangamkuu, chombo ni dau na mashua, kwa mpishi, ni sufuria na sahani.

Hata "vyote" si kweli. Kwa kawaida kifaa hiki hutuma mwanga usioonekana wenye misimbo, na watengenezaji hutofautiana kwa misimbo yao. Kifaa kisicho na kipokezi, au ambacho msimbo wake haumo, hakitatii. Naye aliyeliamini jina amekwisha kutoa fedha yake.

Twapendekeza, basi, "kitenzambali cha vifaa vingi". Rimoti ibaki katika mazungumzo, kwani imekwisha kuingia vinywani. King'amuzi, neno lililoenea tangu matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa nchini mwishoni mwa 2012, latufundisha kuwa watu hulipokea neno linalotaja kazi halisi ya kitu, bila kuizidisha.