Sifuri ya Mstari wa Pili

Muulize mtoto wa darasa la nne kwa nini, anapozidisha 23 kwa 14, mstari wa pili unaanza na sifuri. Wengi watakujibu kwamba ndivyo mwalimu alivyosema. Mwalimu fundi haridhiki na jibu hilo, na kazi anayoifanya kulibadilisha inastahili kutazamwa bila haraka.

Kwa kazi hiyo, mjini Ifakara zana hazikosekani. Bonde la Kilombero lina matete tele, na jaruba la mpunga watoto wanalijua tangu wakibebwa mgongoni. Matete hukatwa vijiti vya urefu mmoja. Vijiti kumi hufungwa fungu. Mafungu kumi hufungwa pamoja yakawa mia. Mwalimu hodari hawafungii wanafunzi. Anawaacha wahesabu, wakosee, wafungue, wafunge tena, maana aliyeifunga mia kwa mkono wake anajua ndani mna nini. Anayepita dirishani, akiona ubao hauna kitu, anaweza kudhani kipindi kinapotea. Hakipotei hata kidogo.

Kisha wanatoka nje. Jaruba linachorwa ardhini: mistari 14 ya miche, kila mstari miche 23. Nani atahesabu mmoja mmoja? Mwalimu analaza fito mbili zinazokatana. Moja inagawa 23 kuwa 20 na 3, nyingine inagawa 14 kuwa 10 na 4. Jaruba limekuwa vipande vinne, na watoto wanavijaza kwa mafungu na vijiti badala ya miche.

Vipande viwili vya chini, vyenye mistari minne, vinapata mafungu manane ya kumi na vijiti 12. Kumi kati ya vijiti hivyo vinafungwa na kuhamia kwenye makumi. Ndiyo ile moja ambayo kila siku watoto huambiwa waichukue. Jumla 92, mstari wa kwanza wa daftari. Vipande vya juu vina mia mbili na makumi matatu, na humo hakuna kijiti hata kimoja kilichobaki peke yake. Nafasi ya mamoja ni tupu. Kumbe sifuri ina sababu! Wanaandika 230, wanajumlisha, wanapata 322.

Zoltán Dienes, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alipata sifa kubwa kwa vipande vya mbao vinavyofanya kazi hiihii. Vinapendeza, lakini fungu la matete linavizidi kwa jambo moja: linafunguka.

Kigumu zaidi ni kuyaondoa matete. Baada ya mafungu unakuja mchoro wa jaruba daftarini, kisha tarakimu peke yake, na anayekwama anarudi kwenye vijiti bila kuaibishwa. Kujua ni mtoto yupi yuko tayari na yupi bado, hapo ndipo ninapomvulia mwalimu kofia.

Wakuu wa shule mnaopanga ratiba, kazi hii haienei katika kipindi kimoja. Mpeni mwalimu vipindi viwili vya Hisabati vinavyofuatana, na kabati la kuhifadhia mafungu yake yasiliwe na mchwa.