Bima inayongoja mimba iingie kwanza

Wenzangu wasomi, leo tuongee juu ya jambo ambalo nyumbani linasemwa kwa sauti ya chini: kukosa mtoto.

Septemba 2023 Serikali ilianzisha uzazi wa bure kule Kinshasa, kisha mpango ukaingia katika majimbo mengine. Kufuatilia mimba, kuzaa, hata kupasuliwa, na matunzo ya mtoto mchanga mpaka siku 28. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini niko na lawama moja: mpango unaanza pale mimba iko tayari. Mwanamke anayeitafuta bado, yeye analipa kila kitu mfukoni.

Nimeyaona kwa yaya wangu. Bwana yake ana kazi, na sheria ya kazi inamtaka mwajiri atunze afya ya mfanyakazi na jamaa yake. Wakaenda hospitali na karatasi ya kazini. Malaria? Inalipiwa. Kuzaa? Inalipiwa. Kupima mirija ya uzazi? «Hiyo haimo, mama.» Wakauza mbuzi wawili juu ya kipimo kimoja. Miaka 4 yaya anakunywa majani ya kila mganga, mashemeji wanamsema. Bwana yake hajapimwa hata siku moja.

Hapo mimi mtu wa kilimo nashangaa. Mahindi yakikataa kuota, hatulaumu udongo peke yake. Tunahesabu mbegu 100, tunaziotesha kwenye kitambaa chenye maji, tunaona ngapi ziko hai. Nyumbani je? Tunalaumu shamba, mbegu hatuigusi. Na katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanaume naye ana sehemu yake.

Mtaniambia: nchi yenye vita na kipindupindu itatoa wapi franga za kutungisha mimba maabara? Kweli, Ufaransa bima ya taifa inalipia majaribio 4, mpaka mwanamke afikishe miaka 43. Siombi hiyo leo. Naomba kinachowezekana: bwana na bibi wapimwe wote wawili, na kisonono na klamidia vitibiwe mapema, maana magonjwa haya ndiyo yameziba mirija ya wanawake wengi kwetu Afrika. Mapema, dawa ni antibiotiki tu. Mirija ikishaziba, antibiotiki haiifungui tena. Bima inayokataa bei ndogo ya leo inamwachia mtu bei kubwa ya kesho.

Mvua ya msimu ikikosa, mkulima anangoja msimu mwingine. Yaya ana miaka 36. Yeye misimu yake inahesabika.

Basi siku mtakapopewa mkataba wa kazi, ndugu zangu, someni ile orodha ya matunzo mbele ya kutia sahihi. Ulizeni bila haya: na anayetafuta mtoto, humu yuko wapi?