Kipimo cha Ngazi na Desturi za Wasukuma

Mwaka wa 1967 Bwana G. P. Murdock, mtaalamu wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Ethnographic Atlas, kilinganishacho desturi za makabila 862. Kimoja katika vipimo vyake huhesabu ngazi za mamlaka zilizo juu ya kijiji: pasipo ngazi ni sifuri, utemi mdogo ni moja, utemi mkubwa ni mbili, dola ni tatu au nne. Kazi hii yastahili heshima, maana hatuwezi kulinganisha watu tusiowauliza swali moja.

Walakini, tukikitumia kipimo hicho huku kwetu Buzuruga na Usukuma wote, twaona upungufu wake. Zamani nchi hii ilikuwa na watemi wengi, na chini ya kila mtemi walikuwako wanangwa wa vijiji. Hao wahesabika kwa urahisi. Lakini mtemi hakujiweka mwenyewe. Wazee waitwao banang'oma ndio waliomchagua, tena waliweza kumwondoa. Na kijijini, kando ya mwanangwa, walikuwako basumba batale, wakuu wa vijana, waliochaguliwa na wanakijiji wala si na mtemi. Hao ndio walioita watu kulima pamoja. Na aliyekaidi alitozwa faini, au alitengwa na jirani zake. Je, tuwaandike katika ngazi ya ngapi? Kipimo chahesabu vidato, wala hakiulizi ngazi imeegemea nini.

Jambo hili si dogo. Mwaka wa 1963 utemi ulifutwa kwa sheria, na ngazi ile ikaondoka. Mwenye kuhesabu vidato tu angalidhani utaratibu wa Wasukuma umekwisha. Kumbe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi viliunda Sungusungu pasipo amri ya Serikali. Walichagua wakuu wao, wakampa wa kwanza jina la ntemi, na kumtenga mkosaji kukawa tena adhabu yao. Wala nguvu hiyo haikuwa njema siku zote: wako waliopigwa, hata kuuawa, bila hukumu ya haki. Ndiyo sababu yatupasa kuijua.

Basi walimu wenzangu mnaoandika desturi, mkiisha kuuliza, "Nani yu juu ya nani?" ulizeni pia, "Nani aweza kumtenga mtu, na kwa idhini ya nani?" Jibu la pili halina tarakimu, lakini bila hilo la kwanza hupotosha.