Shangazi au Mama Mdogo? Baba wa Perpetua mbele ya Msomaji wa Uluguru

Usimulizi wa mateso ya Perpetua na Felisita, waliouawa Karthago mwaka 203, ni miongoni mwa matini chache za Ukristo wa mwanzo ambamo mwanamke hujisimulia mwenyewe. Baba yake Perpetua huhakikiwa aghalabu kama kikwazo cha imani. Makala haya yanadai kuwa uzito wake katika Kiswahili hutegemea maneno mawili, na kwamba msomaji wa Uluguru ana nafasi nzuri ya kuyapima.

Neno la kwanza ni *matertera*. Akimsihi bintiye aliye kifungoni, baba humtajia ndugu zake, mama yake, dada wa mama yake na mwanawe mchanga. Kilatini humtenga ndugu huyo na *amita*, yaani dada wa baba. Kiswahili pia huwatenga, ila Kiingereza na Kifaransa cha leo huwaunganisha. Hivyo mfasiri anayepitia lugha hizo huweza kuandika "shangazi". Kosa hilo hugeuza hoja. Shangazi ni wa nyumba ya baba. Dada wa mama ni wa upande mwingine, na kumtaja ni kuazima nguvu ya upande huo. Kwa desturi ya Waluguru, mtoto ni wa *lukolo*, ukoo wa mama, na mjomba ana kauli nzito. Msomaji wao hahitaji tanbihi hapa. Bila shaka Roma haikuwa Uluguru: sheria yake ilimpa baba mamlaka makubwa. Hilo ndilo linaloifanya kauli yake ihuzunishe, kwani mwenye sheria mkononi anaomba msaada kwa wakwe.

Neno la pili ni *domina*. Baba hujitupa miguuni pa bintiye na kumwita kwa neno hilo badala ya "binti". Tukifasiri "mama", mpinduko wa mamlaka hupotea, maana baba wa Tanzania humwita bintiye hivyo kila siku kwa mapenzi. "Bibi" leo humleta nyanya, lakini maana yake kongwe ni mwanamke mwenye watumwa. Misheni ya Morogoro ya miaka ya 1880 ilitokana na Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walikusanya watumwa waliokombolewa tangu 1868. Kwa waumini wa aina hiyo, "bibi" na "mjakazi" hayakuwa maneno ya kale.

Ninapendekeza basi "bibi", kwa sharti kwamba Felisita abaki "mjakazi" wala asilainishwe kuwa "mtumishi", ili neno moja liandae jingine. Tahadhari ni kwamba matini haisemi Felisita alikuwa mjakazi wa Perpetua. Kwa *matertera*, "mama mdogo" hufaa, au "dada wa mama" kwa kuwa umri hautajwi.

Pasipo maneno hayo, mtakatifu huyu ni binti mkaidi aliyemshinda baba mjinga. Yakiwapo, tunamsikia akikataa ombi ambalo uzito wake anaujua.