Mchora Majalada na Watunza Mikanda

Kabla ya kutengeneza filamu, mwongozaji wa India Satyajit Ray alikuwa mchora majalada. Mwaka 1943 aliajiriwa na kampuni ya matangazo ya D.J. Keymer mjini Calcutta, na haukupita muda akawa anachorea pia vitabu vya Signet Press. Mwenye shirika hilo, Dilip Kumar Gupta, alimwachia uhuru wa kuchora aonavyo.

Jalada alilochora kwa tafsiri ya Kibengali ya kitabu cha mwindaji Jim Corbett, kuhusu chui milia wala watu wa Kumaon, halichoshi kutazamwa. Lote ni ngozi ya mnyama. Upande mmoja kuna tundu dogo, risasi ilipoingilia. Ukigeuza kitabu, unakuta tundu kubwa zaidi, ilipotokea. Hakuna bunduki wala mwindaji. Ni ufundi wa hali ya juu: msomaji hajafungua hata ukurasa mmoja, na tayari kisa kimo mikononi mwake.

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye sinema. Alichora toleo fupi la watoto la Pather Panchali, riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, na baadhi ya michoro ile ikaja kuwa mandhari ya filamu yake ya kwanza, yenye jina hilohilo, mwaka 1955.

Ray alifariki Aprili 1992. Mwaka uliofuata, moto ulizuka katika maabara moja ya London na kuunguza negativu, yaani mikanda ya asili, za filamu zake kadhaa.

Hapo wanaingia mafundi wengine, ambao majina yao hatuyasikii. Hifadhi ya filamu ya Academy, taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar, haikuyatupa mabaki yale. Iliyatunza kwa miaka 20, ingawa hapakuwa na njia ya kuyanakili. Subira hiyo ni nusu ya kazi ya mtunza filamu, na pengine nusu iliyo ngumu zaidi. Hatimaye mabaki yalipelekwa Bologna, Italia, kwenye maabara ya L'Immagine Ritrovata. Mikanda ilikuwa imekauka na kujikunja. Mafundi waliirudishia unyevu hadi ikalainika, wakabandua gundi kuukuu na nta iliyoyeyuka, wakaunda upya kwa mkono matundu ya pembeni yanayoshikwa na meno ya mashine. Kazi ya mikono peke yake ilikaribia saa 1,000. Takriban asilimia 40 ya negativu ya Pather Panchali ilifaa kutumika tena. Sehemu nyingine zikajazwa kutoka nakala zilizohifadhiwa kwingineko.

Mei 2015 filamu hiyo ilionyeshwa upya New York. Ukibahatika kuiona, usiondoke kabla majina hayajaisha kupita. Na kitabu chochote ukinunuacho leo, tafuta ndani yake jina la aliyekichorea jalada.