Kutazama Si Kutembelea

Mwezi wa Agosti 2010, gazeti la New York Times la Marekani lilitoa makala ya kijana mmoja wa Kenya, Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, mtaa wa maskini katika mji wa Nairobi. Makala yenyewe ni mafupi, lakini yafaa kusomwa hata kwetu Kasongo na Kabambare.

Odede asimulia jambo lililompata akiwa na miaka 16. Alikuwa nje ya nyumba yake akiosha vyombo, naye hajala siku mbili. Mara mwanamke Mzungu akampiga picha. Kabla kijana hajasema neno, mgeni amekwisha kwenda zake. Akajiona kama mnyama aliyefungwa katika tundu. Kumbe wako watu wenye mali wanaolipa fedha ili waongozwe katika vichochoro vya Kibera, watazame taabu za wenzao kwa saa chache, kisha warudi hotelini.

Twamsifu mwandishi kwa mambo mawili. Kwanza, anena kwa haki: akiri kwamba wageni wengi waja na nia ya kuufahamu umaskini. Pili, aitaja hasara waziwazi: mgeni aondoka na picha, mwenyeji apunguziwa heshima yake.

Sisi watu wa Kongo twalijua jambo hilo. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kwa maonyesho ya Mfalme Leopold II. Huko Tervuren walijengewa vijiji, na watu zaidi ya milioni moja wakaja kuwatazama. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako hata leo kando ya kanisa la Tervuren. Watazamaji wengi namna ile, na hata hivyo waliotazamwa hawakupata ndugu.

Lakini tuna neno la kumdai mwandishi. Akisha kuonyesha ubaya wa ziara zile, hatuambii ziara njema ni ipi. Msomaji aweza kufikiri kwamba heri tajiri akae kwake na maskini kwake. Sivyo! Bwana wetu Yesu Kristu alisema kwamba anayemtembelea mgonjwa na mfungwa amtembelea Yeye. Tena katika mfano wa Msamaria mwema, Mlawi naye alimwona yule mtu aliyepigwa. Kosa lake halikuwa kuona, bali kuona na kupita. Msamaria aliona, akakaribia.

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii wa Kibera aondoka kabla ya jembe. Hapo ndipo penye tofauti.

Tena mwandishi awasema wageni wa mbali tu. Je, tajiri wa Kabambare ni nani? Ni mwenye pikipiki na simu nzuri, aendaye machimbo ya dhahabu kuwapiga picha vijana waliojaa tope, ili awachekeshe rafiki zake. Ni ndugu yetu arudiye kutoka Kinshasa, azungukaye kijiji alichozaliwa kama mtu atazamaye ajabu. Na pengine ni sisi wenyewe wa parokia: twapeleka chumvi na sabuni kwa mjane, lakini hatumpi mpaka picha imekwisha kupigwa. Mjane yule atakataaje, naye aihitaji sabuni? Ndiyo bei tunayomtoza, na hatuioni.

Basi, wasomaji wapenzi, kabla ya kuingia kwa maskini tujiulize maneno matatu. Je, tumepiga hodi na kungoja jibu? Je, twalijua jina lake? Na yeye akija kwetu kesho, ataambiwa karibu, akae kitini kama wageni wengine? Tukiweza kujibu ndiyo, twende bila hofu, na simu ibaki mfukoni.